Keria Nzito Juu ya Gari la Porini: Kusoma Dalili Kabla ya Kushika Spana

Dereva wa utalii anayetoka Ngorongoro, akishafika lango la Naabi Hill la kuingilia Serengeti, kabla hata hajanywa maji huishika keria kwa mikono miwili na kuitikisa. Ikicheza, hutoa spana na kukaza. Jambo hilo limekuwa la kawaida kiasi kwamba wengi wetu hatujiulizi tena kwa nini bolti iliyokazwa jana jioni imelegea leo, ilhali jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama gari litarudi Arusha na paa zima au na ufa juu ya mlango. Hapa nitapitia dalili zinazojitokeza mara nyingi kwenye keria nzito za magari kama Land Cruiser ya mfululizo wa 70, Land Rover Defender na Prado, na nitaeleza namna ya kutofautisha chanzo kimoja na kingine. Rai yangu ni kwamba kulegea, kupiga kelele, kuvuja na kupasuka karibu vyote huanzia mahali uzito unaposhukia, na anayekaza bila kupajua mahali hapo anauficha ugonjwa tu.

Swali la kwanza: uzito unashukia wapi?

Bati la paa la gari ni jembamba na halikukusudiwa kubeba mizigo. Kinachobeba ni ukingo wake, na chini ya ukingo huo ni nguzo za bodi, yaani zile zilizo kando ya kioo cha mbele, zilizo kati ya milango na zilizo nyuma. Land Cruiser ya mfululizo wa 70 na Defender za zamani zina mfereji wa maji ya mvua unaopita kandokando ya paa, na miguu ya keria huubana mfereji huo. Prado na magari mengi ya kisasa hayana mfereji wa namna hiyo. Keria zake hufungwa kwenye reli za kiwandani au kwenye matundu yenye nyuzi yaliyofichwa chini ya kifuniko cha plastiki. Mguu uliokaa juu ya nguzo au karibu nayo huupeleka uzito chini moja kwa moja, lakini mguu uliokaa katikati ya nguzo mbili huukunja mfereji kila gari linaporuka.

Kitabu cha gari hutaja kikomo cha uzito wa paa, na ndani ya kikomo hicho keria yenyewe imo. Tena kikomo cha gari linalotembea si sawa na cha gari lililosimama. Defender mpya iliyoanza kuuzwa mwaka 2020, kwa mfano, imepewa kilo 168 ikitembea na kilo 300 ikiwa imesimama, na ndiyo maana watu wawili wanaweza kulala katika hema la juu ya gari bila kulivunja paa, ingawa watu hao pamoja na hema lao wasingeruhusiwa kusafirishwa humo. Kwa njia mbovu, baadhi ya watengenezaji wa keria hutaka uwezo wa barabara ya lami ugawanywe kwa 1.5, hivyo keria iliyoandikwa kilo 150 hubaki na kilo 100.

Tuhesabu basi mzigo wa safari ya siku chache kwenda Ziwa Natron. Keria iliyochomelewa gereji kwa bomba la mraba la milimita 40 kwa 40, lenye unene wa milimita 2, ina takriban kilo 2.4 kwa kila mita. Ikitumia mita 30 za bomba, ni kilo 72 kabla haijawekwa hata kamba. Tairi la akiba ni kilo 30 au zaidi, madumu mawili ya chuma ya lita 20 yaliyojaa dizeli ni kilo 42 hivi, jeki ndefu ya porini ni kilo 13, na hema la kukunjua ni kilo 60 au karibu na hapo. Jumla ni kilo 217. Fundi akitumia bomba la milimita 25 kwa 25 lenye unene wa milimita 1.5, ambalo lina kilo 1.1 kwa mita, atakuwa amepunguza kilo 39 bila kugusa mzigo, lakini bado zinabaki 178. Kinachopaswa kushuka, kwa hiyo, ni tairi na madumu: tairi lifungwe kwenye mlango wa nyuma, na dizeli iingie katika tangi la ziada chini ya gari. Vikishuka hivyo, juu hubaki kilo 106, na jeki nayo ikihamia kwenye bampa hubaki 93. Nimewaona watu wakinunua keria ya alumini kwa fedha nyingi ili waokoe kilo thelathini, kisha wakaipakia madumu manne ya maji siku hiyohiyo.

Bolti zinalegea kila safari

Barabara ya changarawe inayoelekea Naabi Hill, sawa na njia ya Engaruka kwenda Natron, huota vituta vidogo vilivyopangana kama mawimbi. Vituta hivyo vikiachana kwa sentimita 75, gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa huvikanyaga mara 22 kwa sekunde, ambazo ni mara 80,000 kwa saa moja. Mwaka 1969 mhandisi wa Kijerumani Gerhard Junker alionyesha kwamba bolti hujifungua hasa pale vipande viwili vilivyobanwa vinaposogea kwa kando, kimoja juu ya kingine, kuliko pale bolti inapovutwa kwa urefu wake. Hili ndilo jambo ambalo mafundi wengi hawalizingatii wanapoongeza washa ya springi na kuamini kwamba kazi imekwisha, kwa maana washa ya aina hiyo haizuii msogeo wa kando.

Chanzo hujulikana kwa kuangalia ni bolti zipi zinazolegea. Zikilegea zote kwa kiasi kinacholingana baada ya safari ya kwanza, na baada ya kukazwa mara moja au mbili zikatulia, hapo ni rangi na mipira iliyo chini ya miguu iliyokuwa inajibana na kukaa sawa, na hakuna ubaya. Zikiendelea kulegea zote, mipira ni minene au milaini mno. Badala ya kubana, inacheza, na dawa yake ni kuweka mpira mwembamba na mgumu. Zikilegea za nyuma peke yake, mzigo umerundikwa nyuma ya mguu wa mwisho na keria inafanya kazi kama ubao wa pembea. Na ukilegea mguu mmoja, uleule kila siku, basi mguu huo haubebi kitu.

Hali hii ya mwisho ilinitesa mwenyewe. Kwa siku nne mfululizo nilikaza mguu wa tatu wa upande wa kushoto, na kila jioni niliukuta umelegea, hadi nilipofungua bolti zote na kuiacha keria ikae kwa uzito wake. Karatasi ilipita chini ya mguu ule bila kugusa chochote. Keria ilikuwa imechomelewa juu ya sakafu isiyo sawa, na mguu ule ulikuwa mfupi kwa milimita nne. Kila nilipokaza nilikuwa naupinda mfereji kwenda juu ili uufikie mguu, na gari liliporuka mfereji ulirudi mahali pake. Tangu hapo sikubali kuifunga keria yoyote kabla sijapitisha karatasi chini ya kila mguu ikiwa bolti zimelegezwa. Pengo likionekana, lijazwe kwa kipande cha bati kilichokatwa vizuri, kwa sababu mpira wa kujazia utarudisha tatizo lilelile kwa njia nyingine.

Baada ya miguu kukaa sawa, tumia nati zenye pete ya plastiki ndani yake, na ukaze kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Bolti ya M8, yaani yenye kipenyo cha milimita 8, ya daraja la ugumu la 8.8 huhimili kukazwa kwa takriban Nm 25 (nyutoni-mita) inapobana chuma kwa chuma, lakini mfereji wa paa si chuma kinene, hivyo kipimo cha mtengenezaji wa mguu ndicho kinachotawala hata kikiwa cha chini zaidi. Mfereji uliobanwa kupita kiasi hufunguka mdomo, na ukishafunguka hakuna mguu utakaoushika tena sawasawa. Nati ya chuma cha pua inapokazwa kwa haraka kwenye bolti ya chuma cha pua, nyuzi zake hulana na kukwama zikiwa nusu. Paka grisi ya kuzuia kukwama na uzungushe polepole kwa mkono, wala usitumie mashine. Mwisho, chora mstari mmoja wa rangi unaopita kwenye nati na kwenye mguu. Siku inayofuata utatazama mstari tu: ukiwa umekatika, nati imezunguka; ukiwa haujakatika na keria bado inacheza, kinachocheza ni kitu kingine na kukaza hakutakusaidia.

Sauti

Filimbi inayoanza katika mwendo fulani na kukoma mwendo unapobadilika ni upepo. Hutoka kwenye bomba la mbele la mviringo au kwenye mifereji ya bomba za alumini iliyoachwa wazi bila ukanda wake wa mpira. Funika sehemu moja baada ya nyingine kwa utepe wa gundi na uendeshe gari kwa mwendo uleule. Ile ambayo ikifunikwa filimbi hukoma ndiyo yenye tatizo. Madereva wa zamani huzungusha kamba ya katani kwenye bomba la mbele, ikipanda kwa mshazari kama nyoka aliyejiviringisha mtini, na watu huwacheka, lakini wana haki: kamba hiyo huuvunja upepo usipige bomba kwa mpigo mmoja. Kibao cha kukinga upepo mbele ya keria hufanya kazi ileile kwa sura nzuri zaidi.

Mgongano wa chuma ni habari nyingine. Kabla ya kuilaumu keria, shusha mzigo wote na upite njia ileile. Mara nyingi sauti hutoweka, kwa maana ilikuwa ya jeki iliyofungwa kwa mkanda uliolegea, au ya koleo. Mikanda ya kufungia mizigo hutanuka ikilowa na vumbi huikwangua, kwa hiyo mkanda uliokuwa umekaza asubuhi usidhaniwe kuwa umekaza mchana.

Keria inasogea mbele

Dalili hii huonekana kwa waliopima tu. Siku ya kufunga keria, pima umbali kutoka mguu wa mbele hadi pembe ya kioo cha mbele, uandike, kisha upime tena baada ya safari. Kusogea kwa milimita chache kunatosha kuonyesha kwamba kila breki ya ghafla inausukuma mzigo wote mbele na kwamba miguu imeshika kwa msuguano peke yake. Angalia kwanza kama ndani ya mfereji kuna mafuta, nta ya kung'arishia gari au rangi inayobanduka. Ikiwa ni safi, tatizo liko kwenye umbo la miguu: miguu mirefu iliyosimama wima bila mhimili wa mshazari hulala kama vigingi katika mchanga. Mihimili miwili ya mshazari kila upande, ikiunganisha mguu na fremu, humaliza jambo hili. Kutoboa mfereji ili kupitisha bolti hakufai kamwe, kwa sababu tundu hilo ndilo mlango wa kutu, na mifereji ya Land Cruiser ya mfululizo wa 70 inajulikana kwa kushambuliwa na kutu hata bila msaada wetu.

Maji yanaingia ndani

Mahali maji yanapoonekana si mahali yalipoingilia. Yanaweza kuingia kwenye tundu la bolti juu ya mlango wa nyuma, yakatembea ndani ya kitambaa cha dari, yakatokea karibu na kioo cha kutazamia nyuma au chini ya zulia la dereva. Mtu mmoja akae ndani na tochi, kitambaa cha dari kikiwa kimelegezwa kando, na mwingine amwage maji kwa mpira kuanzia chini kwenda juu, akikaa dakika tano kila mahali. Anayeanza kumwagia juu hulowesha kila kitu kwa pamoja na hatajua lolote.

Kwenye magari yasiyo na mfereji, lawama huangukia mara nyingi gundi iliyopakwa kwenye bolti. Silikoni ya kawaida inayonuka kama siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula chuma kilichokwaruzwa. Miaka miwili baadaye gundi bado inaonekana nzima lakini chini yake kuna kutu na maji yanapita. Kwangua yote, safisha hadi chuma, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha utumie gundi ya poliyurethani.

Magari ya utalii yenye paa la kuinuliwa yana ugonjwa wake. Paa lilipokatwa, mihimili iliyokuwa ikishikilia pande mbili za gari iliondolewa, na fremu iliyowekwa badala yake haikukusudiwa kuzuia pande zisijipinde chini ya uzito wa keria. Mpira wa kuziba hubanwa upande mmoja na kuachia upande mwingine. Paka unga wa chaki kwenye mpira, funga paa, kisha ulifungue: pale ambapo alama ya chaki haikuhamia kwenye fremu ndipo maji yanapopita. Ukirudia jaribio keria ikiwa tupu na alama ikakamilika, usibadilishe mpira. Punguza mzigo au uhamishie miguu kwenye nguzo za mbele na za nyuma.

Nyufa

Ufa kwenye keria ya chuma huonekana mara nyingi kando ya mshono wa kuchomelea, milimita moja au mbili kutoka kwenye mshono wenyewe, mahali ambapo moto uliubadilisha ugumu wa chuma. Fundi anayepitisha mshono mwingine juu ya ufa huo anausogeza tu. Inafaa kutoboa tundu dogo mwishoni mwa ufa ili usiendelee, kuusaga wote, kuchomelea upya na kuongeza kipande cha pembetatu kwenye kona. Kazi hiyo ifanywe keria ikiwa imeshushwa, au angalau betri ikiwa imefunguliwa, kwa sababu umeme wa kuchomelea ukipita kwenye bodi huweza kuunguza vifaa vya elektroniki vya gari.

Ufa kwenye paa au kwenye pembe ya mfereji ni jambo zito zaidi na hauna mjadala: mzigo ushuke siku hiyo. Vyanzo vyake ni vitatu ninavyovikuta tena na tena. Cha kwanza ni uzito uliozidi, ambao tumekwisha kuuhesabu. Cha pili ni miguu michache, minne tu kwa keria ya mita mbili na zaidi, ambapo kila mguu hubeba robo ya kila pigo. Miguu sita au minane huugawa uzito vizuri, kwa sharti kwamba yote inagusa. Cha tatu ni ugumu wa keria yenyewe. Gurudumu moja linapopanda juu ya jiwe, bodi nzima hujikunja kidogo, na keria ngumu iliyofungwa kwa miguu migumu hukataa kujikunja nayo. Kati ya hivyo viwili, kitakachoshindwa ni kile chembamba, nacho ni paa.

Hapa pikapu zinastahili maneno zaidi. Kwenye Land Cruiser 79, kabini ya dereva na bodi ya nyuma ni vitu viwili vilivyofungwa juu ya chesisi moja, na kila kimoja hucheza kivyake. Ukisimama kando wakati gari linavuka korongo utaona pengo kati yao likifunguka na kufumba. Hata hivyo bado hutengenezwa keria moja ndefu inayofungwa mbele juu ya kabini na nyuma juu ya kanopi, kwa sababu inaonekana nadhifu na hubeba ngazi ndefu. Keria hiyo ni daraja lililojengwa kati ya mashua mbili. Itapasua mfereji wa kabini, au itang'oa miguu yake, au itapasuka katikati, na mwenye gari akiiimarisha kwa bomba nene zaidi atakuwa amechagua tu ipi kati ya hizo itangulie. Igawe iwe keria mbili zenye pengo la kutosha katikati, na ngazi ifungwe kwa mikanda inayoruhusu kucheza.

Kuyumba, na unga mweupe

Gari linalolala kwenye kona au linaloyumba kwa upepo wa pembeni baada ya kufungwa keria lina kitovu cha uzito kilichopanda. Shokapu zilizochoka huongeza dalili, na kuzibadilisha husaidia, ila hakufanyi mzigo uwe chini. Vitu vizito vilale katikati ya gari, kati ya ekseli mbili, na juu zibaki nguo, magodoro na hema. Pima pia kimo kipya cha gari na ukiandike mbele ya dereva. Maegesho ya chini ya majengo hayatoi onyo la pili.

Kwenye pwani, kuanzia Tanga hadi Mombasa, unga mweupe huota kuzunguka bolti za chuma cha pua zilizofungwa kwenye alumini. Ni alumini inayoliwa kwa sababu metali mbili tofauti zimekutana ndani ya maji ya chumvi. Weka washa za plastiki kati yao, paka grisi, na uoshe keria pamoja na mfereji kwa maji yasiyo na chumvi baada ya kila safari ya ufukweni.

Kuirudisha kazini

Baada ya matengenezo yoyote kati ya haya, keria isirudishwe na mzigo wake wote siku moja. Iende tupu kilomita 50 kwenye njia mbovu, kisha mistari ya rangi itazamwe. Iende tena umbali huohuo na nusu ya mzigo, na itazamwe tena. Mistari ikikatika keria ikiwa tupu, rudi kwenye miguu na karatasi. Ikikatika baada ya nusu ya mzigo, rudi kwenye mipangilio ya vitu na nafasi za nguzo. Ikikatika pale tu mzigo unapotimia, miguu yako ni mizima, na kinachobaki ni kuamua nini kishuke.